Mkono wa Mhariri Nyuma ya Ramani: Uchambuzi wa Mfumo wa Ushahidi

Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi wa rais wa Kenya yalipotangazwa na Serikali ikapiga marufuku matangazo ya redio na televisheni ya papo kwa papo, raia walikatiwa habari saa ile ile walipokuwa wakizihitaji kuliko saa nyingine yoyote. Na huku kwetu, katika nchi ya chai inayotoka Kericho ikapita Litein na Kapkatet hata ikafika Sotik na Bomet, mtu aliyeona moshi ukipanda ng'ambo ya bonde hakuwa na njia ya kujua ni nyumba ya nani iliyotiwa moto, wala kama aliyoyasikia njiani yalikuwa kweli au uvumi uliovaa vazi la kweli.

Katika fadhaa hiyo mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika habari za siasa katika shajara yake ya mtandaoni, alijikuta amekuwa mlango wa habari za watu wengi, na waliomwandikia walizidi idadi ya wale ambao mtu mmoja angeweza kuwasoma, kuwapima na kuwachapisha. Tarehe 3 Januari 2008 alitoa wito kwa mafundi wa kompyuta wenye kuijua Kenya, watengeneze ramani ambayo juu yake kila ovu lingeandikwa mahali lilipotendeka. David Kobia, aliyekuwa akikaa Alabama huko Marekani, akaandika programu. Erik Hersman na Juliana Rotich wakawa nguzo nyingine za kazi. Na katika siku chache tovuti ya Ushahidi ikasimama, ikipokea habari kwa ukurasa wa mtandao, kwa barua pepe na kwa ujumbe mfupi wa simu.

Sifa za tovuti hiyo zimekwisha kuenea duniani, na si kusudi langu kuzirudia. Ninalotaka kulichambua ni upande ule ambao wenye kusifu huupita bila kugeuza shingo, yaani upande wa ndani, usioonekana na mgeni wa tovuti, ambamo mhariri aliyekosa usingizi hukaa na rundo la jumbe, akazigeuza moja moja kuwa habari inayoweza kusomwa. Kwa maana Ushahidi, ukiivua ramani yake, ni mfumo wa kusimamia maudhui kama mifumo mingine ya jamii hiyo: una mahali pa kuandikia, mahali pa kuhifadhia, orodha ya yaliyongoja na yaliyokwisha kutolewa, na vitufe vya kuamua lipi litoke na lipi lizuiliwe. Kila mfumo wa namna hii una watu wa aina mbili wanaoutumia, msomaji na mhariri. Na aghalabu fundi humpamba msomaji kwa rangi na picha, ilhali mhariri, ambaye pasipo mkono wake msomaji hana la kusoma, huachiwa vitufe vilivyotupwa ovyo kama alivyoviona mwandishi wa programu siku alipovihitaji yeye mwenyewe. Rai yangu ni kwamba usahali wa mfumo wowote wa maudhui hupimwa kwa mhariri kwanza, na historia ya Ushahidi inalithibitisha jambo hilo kwa yaliyofaulu ndani yake na kwa yaliyoshindwa.

Tuitazame kazi yenyewe. Ujumbe mfupi wa simu hauzidi herufi 160. Huja bila kichwa, bila tarehe ya tukio, bila jina kamili la mahali, umeandikwa kwa haraka na mtu mwenye hofu, pengine nusu Kiswahili na nusu lugha ya nyumbani. Ili ujumbe huo uwe ripoti katika ramani, fomu ya Ushahidi ilidai kichwa cha habari, maelezo, siku na saa, aina ya tukio iliyochaguliwa katika orodha, na mahali palipotiwa alama juu ya ramani. Kisha zikawapo nafasi za picha, za video na za anwani ya habari iliyochapishwa kwingine. Mwandishi wa ujumbe amefanya kazi ya dakika moja. Mhariri sasa ana kazi mara nyingi zaidi ya hiyo, na nyuma ya ujumbe huo ipo foleni nzima.

Dawa ya kwanza iliyopatikana ilikuwa ndogo kwa sura, kubwa kwa athari. Katika matoleo yaliyofuata, mfumo ulipoandikwa upya kwa lugha ya PHP na kutolewa kuwa programu huria ili watu wa mataifa yote waweze kuutwaa, jumbe zote zilikusanywa katika ukurasa mmoja, zimegawanywa kwa njia zilizopitia, za simu mbali, za barua pepe mbali, za Twitter mbali. Na kando ya kila ujumbe kukawekwa kiungo cha kuunda ripoti, ambacho mhariri akikibonyeza, fomu humfungukia na maneno ya ujumbe yamekwisha kuingia ndani yake. Asiyewahi kufanya kazi ya ukarani anaweza kulidharau badiliko hili. Aliyeifanya anajua kwamba kunakili maneno kutoka dirisha moja hadi jingine ndiko kunakozaa makosa, kwa kuwa jicho huchoka kabla ya mkono, na herufi moja ikiruka katika jina la kijiji, msaada huenda kusikokuwa na mgonjwa. Fauka ya hayo, ripoti iliyozaliwa hivyo haikutengana na ujumbe wake, hata mtu wa pili aliyetaka kuhakikisha habari aliweza kurudi kwenye maneno ya asili yake.

Jambo la pili ndilo ninaloliheshimu zaidi. Katika orodha ya ripoti mhariri alipewa vitufe viwili vilivyotengwa: kimoja cha kuidhinisha, kingine cha kuthibitisha. Kuidhinisha maana yake ni kuiruhusu habari ionekane na umma. Kuthibitisha maana yake ni kutoa kauli kwamba habari hiyo imechunguzwa ikaonekana ni kweli, na msomaji naye alionyeshwa wazi ipi imethibitishwa na ipi bado. Mifumo mingi ya tovuti haina ila hukumu moja, kuchapisha au kutochapisha, na mhariri mwaminifu hubanwa katikati: akiizuia habari mpaka aijue hakika yake, watu walio hatarini hawaonywi, akiitoa upesi, amebeba dhamana ya jambo asilolijua. Wakulima wa chai wataelewa tafauti hii upesi, kwa kuwa katika kituo cha kununulia majani chai karani haichanganyi kazi ya kuyakagua majani, kama ni majani mawili na chipukizi au ni majani yaliyokomaa, na kazi ya kuyatia mizanini. Majani yanaweza kuwa mazito yakawa mabaya, na anayechanganya hukumu hizo mbili humdhulumu mkulima au kiwanda. Basi watengenezaji wa Ushahidi, kwa kutenga vitufe viwili, hawakumwongezea mhariri takalifu, ijapokuwa kwa hesabu ya vitufe waliongeza. Walimwondolea mzigo wa moyoni. Hili ni fundisho zito kwa wale wanaodhani kwamba kurahisisha ni kupunguza tu: pengine usahali hupatikana kwa kuongeza kitufe, maadamu kitufe hicho kinalingana na uamuzi ambao mtu tayari anaufanya kichwani mwake.

Lakini mahali! Hapo ndipo mfumo ulipokutana na mushkili wake mkubwa, na mtu wa Kapkatet ana haki ya kulieleza jambo hili kuliko wengi. Majina ya sehemu zetu yanafanana kwa mwanzo wake: Kapkatet, Kapsoit, Kapsuser, Kapset, Kapkoros, na ukitoka nje ya Kericho na Bomet unakutana na Kapsabet ya Nandi na Kapenguria ya Pokot Magharibi. Mhariri aliyeketi Nairobi, sembuse yule aliyeketi Ulaya, akiandika herufi tatu za kwanza katika kisanduku cha kutafutia mahali, hana la kumwongoza. Na jina dogo la kijiji au la kituo cha chai, ambalo kila mtoto wa hapa analijua, yamkini halimo katika ramani hata kidogo. Fomu ya Ushahidi ilikuwa na njia mbili, ya kuandika jina mfumo ulitafute na ya kubonyeza juu ya ramani yenyewe, na kuwapo kwa njia ya pili kuliokoa mengi, kwani mwenyeji asiyeliona jina la kwao aliweza kufuata barabara kwa jicho, kutoka Litein kushuka kuelekea Sotik, akatia alama pale anapopajua. Walakini njia hiyo humfaa mwenyeji peke yake. Mfumo haukuweza kumpa mhariri wa mbali ujuzi ambao hakuwa nao, wala hakuna kiolesura kiwezacho.

Uthibitisho wa hayo ulionekana Haiti. Tetemeko la ardhi lilipouangamiza mji wa Port-au-Prince tarehe 12 Januari 2010, kikundi cha wanafunzi na watu wa kujitolea, kikiongozwa na Patrick Meier kutoka Chuo cha Fletcher karibu na Boston, kilifungua ramani ya Ushahidi, na baada ya siku chache watu wa Haiti waliweza kutuma ujumbe bila malipo kwa nambari 4636. Jumbe zilikuja kwa lugha ya Kikrioli, ambayo wengi wa wahariri wale hawakuijua, zikitaja mitaa isiyokuwa katika ramani zao. Lililowavusha halikuwa kitufe. Walikuwa Wahaiti waliokaa ughaibuni, ambao walizitafsiri jumbe na kueleza mtaa fulani uko ubavuni mwa kanisa lipi. Hapo ikabainika kwamba kazi ambayo kiolesura kilimwekea mtu mmoja katika ukurasa mmoja, kutafsiri, kutafuta mahali, kupanga kwa aina, kuidhinisha, kuthibitisha, ilikuwa kwa hakika kazi ya watu watano wenye maarifa matano. Katika ramani za Ushahidi zilizoitwa Uchaguzi, zilizotumiwa hapa Kenya katika kura ya maoni ya katiba ya Agosti 2010 na katika uchaguzi wa Machi 2013, watu wa kujitolea walijigawanya kwa makundi, wa kusoma jumbe, wa kutafuta mahali, wa kuthibitisha na wa kuchambua. Lakini mgawanyo huo uliishi katika makubaliano ya watu kuliko katika mfumo wenyewe.

Sasa niseme juu ya kosa, na nalisema kwa taadhima, maana lilitoka katika nia njema. Kuusimika mfumo wa Ushahidi kulihitaji seva, hifadhidata, na mtu wa kuvifahamu; na watengenezaji, wakiona kwamba wengi wenye haja hawana fundi, mwaka 2010 walitoa huduma ya Crowdmap, ambamo mtu yeyote alichagua jina na neno la siri, na ramani yake ikawa tayari. Kizuizi cha mlangoni kikaondoka. Maelfu wakaingia, na sehemu kubwa ya ramani zao hazikupata hata ripoti kumi; zikabaki wazi mtandaoni, bila mhariri na bila msomaji. Usahali wa kuanzisha ulidhaniwa kuwa ndio usahali wa kutumia, kumbe hivyo ni vitu viwili visivyo na undugu wa karibu. Anayeanzisha hufanya kazi mara moja, akiwa na ari. Anayehariri huifanya kila siku, akiwa na uchovu, na saa ambazo fundi huzitumia kuupamba ukurasa wa kuanzia ni saa zilizonyimwa ukurasa wa kila siku. Nadhani hata leo, katika tovuti za taasisi zetu, kosa hili ndilo linalotugharimu zaidi.

Je, ukurasa wa kila siku hurekebishwaje? Mfano ulio bora naujua kutoka kwingine, nao ulitokea mwaka ule ule wa 2008. Mfumo wa WordPress, ambao hadi leo ndio unaotumiwa na tovuti nyingi kuliko mwingine wowote, ulitoa mwezi Machi toleo lake la 2.5 likiwa na sura mpya ya ndani iliyobuniwa na wasanii wenye jina kubwa katika fani hiyo. Ilikuwa sura nzuri ya kutazama. Lakini waandishi wakalalamika, hasa kwa sababu visanduku vya kupangia makala kwa makundi vilikuwa vimeteremshwa chini ya uwanja wa kuandikia, hata mtu alilazimika kuushusha ukurasa kila alipotaka kufanya jambo dogo. Watengenezaji, badala ya kuitetea kazi yao kwa hoja, waliwaketisha watumiaji mbele ya mfumo, wakawapa kazi za kawaida za mhariri, na mashine ya kufuata nyendo za macho ikawa inaandika jicho lilikotua, lilikotangatanga na lilikokata tamaa. Jane Wells ndiye aliyeiongoza kazi hiyo. Kisha wakaunda kielelezo cha majaribio walichokiita Crazyhorse, wakakipima tena kwa watu, na kutokana nacho likazaliwa toleo la 2.7, lililotoka Desemba ya mwaka huo huo.

Tazama walichobadilisha. Menyu ilihamishwa kutoka juu ya ukurasa ikawekwa ubavuni, kushoto, ambako iliweza kurefuka bila kubana na kufungwa au kufunguliwa kwa sehemu. Visanduku vya ukurasa wa kuandikia viliachiliwa vihamishwe, na kile ambacho mhariri hakukihitaji aliweza kukificha kabisa. Kichwa, tarehe na kundi la makala viliweza kurekebishwa papo hapo ndani ya orodha, bila kufungua ukurasa mwingine na kurudi, na makala nyingi ziliweza kurekebishwa kwa pamoja. Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji kipaji cha ajabu. Linalohitajika ni unyenyekevu wa kumtazama mtu akifanya kazi na kunyamaza, na kukubali kuifumua sura iliyotolewa miezi tisa tu nyuma. Watengenezaji wa Drupal, mfumo mwingine wa maudhui, nao mwaka huo huo waliupeleka ukapimwe kwa watu katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na yaliyoonekana huko, pamoja na vipimo vilivyofuata, yaliathiri sana toleo lao la 7 la Januari 2011.

Ushahidi ulifika kwenye njia hiyo kwa toleo lake la tatu, ambalo liliandikwa upya tangu msingi. Sehemu inayohifadhi habari ilitengwa na sehemu inayoonekana, hata sura ya mbele iweze kubadilishwa bila kuigusa hazina. Kurasa zikatengenezwa ziweze kukaa vizuri katika kioo cha simu. Na mwenye ramani akapewa uwezo wa kuunda fomu yake mwenyewe, achague maswali yanayomfaa, badala ya kulazimishwa kichwa na aina za matukio zilizowekwa na wengine. Majukumu ya wahariri yaliweza kutofautishwa, na hatua za kazi zikawekwa ndani ya fomu, hivyo kile ambacho watu wa Haiti na wa Uchaguzi walikipanga kwa makubaliano kikapata nyumba katika mfumo. Jambo moja nalihuzunikia: vile vitufe viwili vya kuidhinisha na kuthibitisha, ambavyo kila mtu alivikuta tayari, havikubaki na nafasi yao ya kwanza, uthibitisho ukawa hatua ambayo mwenye ramani huiunda mwenyewe apendapo. Kwa fundi huo ni uhuru. Kwa mhariri mchanga ni kuondolewa mwalimu, maana fomu iliyokuja na vitufe vile viwili ilikuwa ikimfundisha, bila kumwambia, kwamba kutangaza habari si sawa na kuishuhudia.

Nayaandika haya nikiifikiria Kapkatet na si Boston. Hapa tuna kiwanda cha chai, hospitali, shule, vyama vya akiba na mikopo, na kila taasisi ya namna hiyo siku moja hununua tovuti au huombwa kuinunua. Fundi huja na kompyuta yake, huonyesha picha za mashamba ya kijani zikipishana katika ukurasa wa mbele, kamati hupiga makofi, malipo hufanyika. Kisha karani, ambaye hakuitwa katika kikao, hukabidhiwa neno la siri na kuambiwa awe akiweka habari. Anafungua upande wa ndani kwa simu yake, kwa sababu simu ndiyo aliyonayo. Menyu imejaa vitu ambavyo hatavigusa maishani. Kuweka tangazo moja la mkutano kunampitisha katika kurasa ambazo hakufunzwa. Mtandao ukikatika kabla hajabonyeza kitufe cha mwisho, maneno yake yamepotea. Akijaribu mara kadhaa akashindwa, huacha, na tangazo la mkutano uliokwisha kupita linakaa katika ukurasa wa mbele mwaka mzima, na watu wanasema karani ni mvivu.

Dawa ya hayo si ghali. Watengenezaji wa Ushahidi walipotaka kuziwezesha sehemu zisizo na nambari maalumu ya simu, walitoa programu ya SMSSync, iliyoigeuza simu ya kawaida ya Android kuwa lango la kupokelea jumbe na kuzipeleka katika mfumo. Yaani waliitazama zana ambayo watu tayari wanayo mkononi, wakaujongeza mfumo kwake. Hivyo ndivyo inavyopasa kufanywa na hapa. Menyu ipunguzwe ibaki na yale ambayo karani huyafanya kila wiki, na mengine yafichwe kwa mwenye dhamana ya ufundi; fomu ya tangazo iulize kichwa, tarehe, mahali na maneno, isiulize zaidi; mfumo uhifadhi rasimu wenyewe kila baada ya muda mfupi; maneno ya vitufe yawe ya Kiswahili au ya Kiingereza ambacho karani anakitumia kazini, si istilahi za fundi; na pawepo mtu wa pili mwenye kitufe chake cha kuidhinisha, ili kosa la bei au la tarehe lisiwafikie wakulima kabla ya kuonwa na jicho jingine.

Basi nawaomba wajumbe wa kamati na wakurugenzi wa taasisi za Kericho na Bomet, kabla ya kutia sahihi ya malipo ya tovuti yoyote, mwiteni karani atakayeitumia, mketisheni mbele ya upande wa ndani akiwa na simu yake mwenyewe, mpeni tangazo moja la kweli aliweke, na fundi akae kando akimtazama bila kusema neno. Akiliweka, lipeni. Akikwama, fundi arudi na mfumo wake, aurekebishe pale alipokwama, kisha mumwite karani tena.